Vitamini D ikiwa chini, testosteroni nayo hushuka?

Swali: Wakuu, mwanamume wa miaka 38 mwenye kitambi, vitamini D inasoma 14 ng/ml, testosteroni (homoni ya kiume) 9.8 nmol/L, damu imetolewa saa 9 alasiri. Vidonge vya vitamini D vitaipandisha testosteroni?

Jibu 1: Hicho kipimo cha alasiri msikitegemee, mkuu. Testosteroni huwa juu asubuhi, kisha hushuka. Arudie kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla ya kula, siku mbili tofauti, na apime SHBG pia (protini inayobeba testosteroni kwenye damu). Kitambi hushusha SHBG, na testosteroni ya jumla hushuka nayo.

Jibu 2: Matumaini mengi yanatoka kwenye utafiti wa 2011: wanaume wanene waliokuwa wakipunguza uzito walikunywa vitamini D 3,332 IU (kipimo cha kimataifa cha dozi) kila siku mwaka mzima, testosteroni yao ikapanda kutoka 10.7 hadi 13.4 nmol/L. Lakini 2017, huko Graz, Austria, wanaume wenye testosteroni ya kawaida walipewa 20,000 IU kwa wiki, wiki 12. Haikupanda. Kwa huyu, kupunguza kitambi kuna uzito zaidi.

Jibu 3: Hata hivyo vitamini D ya 14 ni upungufu, atibiwe kwa ajili ya mifupa. Kwa kawaida 1,000 hadi 2,000 IU kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta (parachichi, mayai), apime tena baada ya miezi 3. Asome kopo vizuri: mikrogramu 25 ndiyo 1,000 IU, wengi hukosea hapo. Asizidishe 4,000 IU kwa siku bila daktari. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, nayo huleta kiu, choo kigumu, hata mawe ya figo.