MJADALA: Viti maalumu kwenye chama cha malezi ya pamoja, vya nini?

Mwanzisha mada, Kigoma mjini
Rasimu ya katiba ya chama chetu, kinachohimiza wazazi waliotengana walee watoto wao kwa pamoja, inataka kamati ya watu 9. Wanawake wasipungue 4, wanaume wasipungue 4. Ndani ya hao awemo mlezi asiye mzazi, mtu mwenye ulemavu, na wawili kutoka nje ya manispaa. Waasisi karibu wote ni akina baba, na baadhi yao wanasema haya ni mapambo ya kufurahisha wafadhili. Karibuni.

Mwanga
Napinga. Chama kina hoja moja: mtoto asimkose mzazi yeyote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama. Dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi, haipinduliwi kwa idadi ya viti. Tafuteni anayeijua sheria hiyo na Sheria ya Mtoto ya 2009, awe mwanamke, awe mwanamume.

Ujiji
Kaka wa Mwanga, hebu tuma kamati ya wanaume watupu kwa mama mwenye mtoto wa miaka 4, wamweleze namna dhana hiyo inavyopinduliwa. Atajua wamekuja kumnyang'anya mtoto, na mlango utafungwa.

Halafu tazama fomu ya kupokea shauri iliyoambatanishwa na rasimu. Inauliza mahari, inauliza ada ya shule, lakini hakuna swali hata moja la kipigo. Huo ni upofu wa kamati ya upande mmoja. Kila mzazi ahojiwe peke yake, siku tofauti: umewahi kupigwa, kufungiwa ndani, kutishiwa? Jibu likiwa ndiyo, hakuna kuwakalisha meza moja. Shauri linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ikibidi wakabidhiane mtoto, wapitie kwa mtu wa tatu: anayemleta anatangulia robo saa, anamwacha na kuondoka, ndipo mwenzake anaingia. Na maswali hayo aulizwe baba pia. Wapo wanaume wanaopigwa, wanaona aibu kusema.

Kibirizi
Mimi nasemea ratiba. Mfano uliomo kwenye rasimu ni "wikiendi kwa baba, siku za shule kwa mama". Hiyo ni ratiba ya mtu wa ofisini. Mvuvi wa dagaa anavua kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukishapevuka mbalamwezi inaua mwanga wa taa, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku zake na mtoto zifuate mwezi: tia alama tarehe za mwezi mpevu, mpe siku tatu kabla na tatu baada, kisha linganisha na kalenda ya shule. Ukimpa Jumamosi ya giza, mtoto atalala kwa jirani na baba ataitwa mzembe.

Na matunzo pia. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Makubaliano yenye kiwango kimoja kwa miezi yote 12 yanavunjikia hapo. Andikeni viwango viwili, cha msimu na cha kufunga.

Mwanga
Hilo la mwezi nimelikubali. Ila mvuvi anaweza kuulizwa tu, si lazima apewe kiti. Viti vikiwa vya makundi, kimoja kikikaa wazi kikao hakifanyiki.

Ujiji
Kaka, anayeulizwa huulizwa mkishaamua. Akidi iwe watu 5, wakiwemo wanawake 2 na wanaume 2. Kiti kilicho wazi kisizuie kikao, kijazwe ndani ya siku 90. Jambo zito kuliko hilo: mjumbe mwenye kesi ya mtoto mahakamani asikae kwenye usuluhishi wowote mpaka kesi iishe. Hapo waasisi kadhaa watakaa pembeni, na huenda ndiyo sababu ya kelele zote hizi.

Buhigwe
Mmempita bibi. Mama yuko Dar, baba yuko Mpanda, mtoto yuko kwa bibi huku. Makubaliano yanasainiwa na wawili wasiokaa naye. Pesa inatumwa kwa mama, kadi ya kliniki iko kwa baba, na bibi ndiye anayedaiwa daftari. Aliyeko na mtoto asaini, na matunzo yaende anakolala mtoto.

Mwisho, nauli. Wajumbe wawili wa nje ya manispaa wameandikwa, fungu lao kwenye bajeti halipo. Cha mwenye ulemavu nacho kimeandikwa, na chumba cha mkutano kiko ghorofani, ngazi tupu. Hamisheni kikao chini na tengeni nauli kabla ya kupiga kura; la sivyo vifuteni viti hivyo vitatu, tujue moja.