Naomba ushauri: vijana wa uanagenzi na vidonda vya kulala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Swali kwa mnaofundisha wanagenzi kwenye makao ya wazee. Ratiba wanaijua: mzee asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulala (vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu), muda unaandikwa kwenye chati. Shida ni namna ya kugeuza. Kijana akiwa na haraka anamburuta mzee badala ya kumnyanyua kwa shuka la kugeuzia, wakiwa wawili, na ngozi laini kama ganda la kitunguu inachubuka. Au anamlaza ubavu kabisa, uzito wote ukaishia kwenye mfupa wa nyonga. Inatakiwa aegemee upande kwa nyuzi 30 tu: mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, wa tatu chini ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Kinachonisumbua hasa ni dalili za mwanzo. Mafunzo mengi yanasema tafuta wekundu usiopauka ukibonyezwa. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na kijana anaandika “ngozi iko sawa” wakati kidonda kinaanza. Inabidi apapase: je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pagumu? Rangi imekolea, inaelekea zambarau? Mzee anashtuka akiguswa? Wengine wakiona hivyo wanasugua mafuta, kumbe wanazidi kuumiza nyama za ndani.

Mnawafundishaje mikono yao kutambua hilo, hasa zamu ya usiku kwenye taa hafifu? Na zamu yenye mtu mmoja, mzee wa kilo 80 mnamgeuzaje?