Nobu ya besi: ya amplifaya yenyewe, ya RCA, au nibadilishe redio?

mtu_wa_kibokoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Jumamosi nina miadi na fundi pale Mwembe Tayari, Mombasa, na pesa ni za chaguo moja tu. Sabufa yangu yapiga vizuri, tatizo ni nyimbo. Nikiweka taarab za zamani, besi haisikiki. Ikiingia Bongo ya siku hizi, kioo cha nyuma chatetemeka mpaka mama alalamike. Kila mara nasimama, nafungua buti, nazungusha geini, ile skrubu ya amplifaya ya kupima nguvu ya sauti inayoingia. Nataka nobu, kitufe cha kuzungusha, ya kuweka karibu na usukani. Kuna ya kuchomeka kwenye amplifaya, kuna ya kupitisha waya za RCA (zile za kupeleka sauti toka redio hadi amplifaya), na jirani aniambia ninunue redio mpya tu. Ipi nzuri?

tudor_besi
Waalaikum salaam. Gari gani? Amplifaya gani? Redio ya kiwandani au ya kuongeza? Wataka dawa na hujasema waumwa wapi.

fundi_wa_usiku
Tazama ubavuni mwa amplifaya. Pana tundu dogo kama la simu ya mezani?

mtu_wa_kibokoni
Nimeona palipoandikwa REM, kuna waya wa buluu.

fundi_wa_usiku
La, shekhe. Huo ni wa kuiwasha amplifaya redio ikiwaka, hauhusiani na nobu. Tundu la nobu ni la plastiki, waya wake bapa.

mtwapa_kwetu
Mimi nasema RCA. Yaingia amplifaya yoyote yenye matundu ya RCA, ukiuza gari waondoka nayo. Ila nunua nzuri. Za bei ya chini hewa ya chumvi hii ya kwetu yazila ndani, miezi michache tu ukizungusha zakwaruza kama redio ya mkulima. Na waya za RCA usizilaze pamoja na waya mnene wa betri, utasikia injini ikilia ndani ya spika.

probox_ya_babu
Ndugu yangu, kwa hili la kuchomeka sikia kisa changu. Nobu yangu ilipotea nilipohamishia amplifaya gari jingine. Nikaenda kwenye mitumba ya vyombo vya gari, nikaona nobu ya kampuni nyingine, jeki, yaani kichwa cha waya, ni ile ile, yaingia "tak". Nikasema Mola si Athumani. Siku ya pili ya Idi nimepakia familia, shemeji zangu wako nyuma, twaenda Mama Ngina kupunga upepo. Foleni haisogei. Nikazungusha nobu kidogo, sauti ikakata, taa ya amplifaya ikawa nyekundu, kisha harufu ile unayoijua. Shemeji mmoja akauliza kama nimechoma mahamri. Fundi aliifungua akanionyesha palipoungua. Jeki zafanana, lakini kila kampuni hupanga nyaya zake ndani kivyake. Nobu ya mwenzio usiichomeke kwako hata kama yaingia.

tudor_besi
Pole babu, lakini mahamri nimecheka.

Jambo jingine ambalo hamjalitaja: nobu za kuchomeka si za aina moja. Nyingine hupunguza na kurudisha sauti yote ya sabufa. Hiyo ndiyo aitakayo huyu bwana. Nyingine ni za kusukuma besi tu, mara nyingi pale Hz 45. Ukiongeza desibeli 12, amplifaya yadaiwa nguvu mara 16. Haina, basi sauti yapasuka na koili ya sabufa, ule waya wa ndani, yaungua. Na geini huwekwa nobu ikiwa mwisho kabisa, ili kazi yake iwe kupunguza tu.

nyali_darajani
Kwani redio yake haina sehemu ya sabufa kwenye menyu? Pioneer na Kenwood nyingi zinayo, bure. Nobu ya nini?

fundi_wa_usiku
Ukiwa kwenye mzunguko wa Buxton na tuktuk iko ubavuni, utaingia menyu?

mtu_wa_kibokoni
Samahani nimechelewa. Gari ni Fielder, redio ni iliyokuja nayo, haina RCA. Fundi alivuta kutoka waya za spika za nyuma hadi kwenye amplifaya. Tundu la simu lipo, nimeliona sasa. Nobu sikupewa, amplifaya niliinunua kwa mtu.

tudor_besi
Haya! Ungesema mapema. Nobu ya RCA hapo haina pa kuingia, labda uanze kwa kununua kibadilishi, kidude cha kugeuza waya za spika kuwa RCA.

mtwapa_kwetu
Kibadilishi si ghali. Bado nasema RCA.

probox_ya_babu
Tafuta nobu ya modeli ile ile. Ile ile, si inayofanana.

nyali_darajani
Pesa ya kibadilishi na nobu yakaribia ya redio. Na mnajua NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2009? Mtaani kwetu kuna probox moja, saa saba za usiku...

probox_ya_babu
Si yangu. Yangu amplifaya iliungua, nimeshasema.

mtu_wa_kibokoni
Modeli siisomi, kibandiko kimefutika. Nitaipiga picha kesho mchana.

fundi_wa_usiku
Piga na upande wa tundu. Na hizo taarab za zamani umezitoa wapi? Nina flashi tupu hapa.