Upanga ndio uliomuua mfalme, au ni mwanawe?

Mjomba wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za usiku. Mpwa wangu ameniuliza swali, nimeshindwa kulijibu, na sipendi arudi shule nalo hivi hivi.

Kijana ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, amekuja kwangu hapa Mwanga kwa likizo. Nilimwekea Warcraft III, ile ya mwaka 2002, maana laptopu yangu ni ya zamani na gemu hiyo haiielemei. Siku tisa nzima amekuwa Arthas. Anampenda kweli: mwana wa mfalme, nyundo mkononi, anahangaika wanakijiji wasigeuzwe maiti zinazotembea. Juzi akafika naye kule kwenye barafu, Northrend, Arthas akauchukua upanga uitwao Frostmourne. Tukakaa kuangalia kipande cha mwisho. Anarudi kwao, kengele zinalia, watu wanammwagia maua, anapiga goti mbele ya baba yake, halafu anainuka na kumchoma. Hapo hapo umeme ukakatika, na betri ya laptopu ilishakufa zamani.

Gizani kijana akaniuliza, "Mjomba, aliyemuua mfalme ni upanga au ni yeye?" Nikasema ni upanga, umelaaniwa. Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona kwenye Soulcalibur nako ni upanga? Na kwenye Diablo ni jiwe? Kwani hakuna anayeharibika mwenyewe tu?"

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anapunga upepo. Mambo ya gemu hayajui. Aliuliza kitu kimoja: "Aliambiwa masharti kabla hajaushika?" Nikamwambia ndiyo, aliambiwa. Muradin, rafiki yake, aliyasoma maandishi yaliyokuwa pale chini ya upanga, akamsihi auache, umelaaniwa. Mama akasema, "Basi huyo hakurogwa. Alikubali." Akaenda kulala.

Nimebaki na maneno hayo siku mbili. Wenye kuyajua haya mnisaidie. Kwa nini watunzi wa gemu wanamtia mtu mwema kitu kiovu mkononi ndipo aharibike? Na kijana nimjibu nini?

Binti Unyanyembe (Tabora)

Kaka, mfikishie mama shikamoo yangu. Ila nina neno la kumpinga kidogo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na gemu nilizoanza nazo hazikuwa na picha, ni herufi tupu kwenye kioo cheusi. Laana ya vitu ilikuwemo tangu huko, kwenye Rogue ya 1980 na NetHack ya 1987. Ukivaa pete iliyolaaniwa kwenye NetHack, haivuliki. Ukishika upanga uliolaaniwa, unakung'ang'ania mkononi hadi upate namna ya kuiondoa laana. Wakati huo hapakuwa na mtu mbaya wa kusikitikiwa. Aliyenasa ni wewe mchezaji, kwa sababu gemu imekufundisha tangu mwanzo kwamba kitu ukikikuta chini, okota, kitakufaa. Unaokota mara mia, mara ya mia na moja kinakushika. Naamini hofu hiyo tulikuwa nayo mikononi kabla hadithi za kina Arthas hazijaandikwa, ndiyo maana tukimwona anaunyooshea mkono ule upanga, mwili unasisimka.

Halafu kuna jambo la macho. Roho ya mtu haionekani kwenye skrini. Nywele zinaonekana: Arthas aliondoka na nywele za dhahabu, akarudi zikiwa nyeupe. Huhitaji maelezo.

Sasa pale ninapopingana na mama. Mchukue Siegfried wa Soulcalibur. Usiku mmoja, akiwa na genge la wezi, alivamia askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani, akamkata kichwa mkuu wao, kisha akakiona kile kichwa: ni baba yake. Akili ikamkatalia. Akajiambia baba kauawa na mtu mwingine, akaenda kuutafuta upanga uitwao Soul Edge ili alipe kisasi kwa muuaji ambaye ni yeye mwenyewe. Upanga ukamfanya jitu la kutisha liitwalo Nightmare. Lakini kwenye toleo la tatu, la 2005, utawakuta wote wawili, Siegfried upande huu na Nightmare upande ule, kila mmoja anachagulika peke yake, na wanapigana. Pasipo upanga, ungempasuaje mtu mmoja wakawa wawili? Kile kitu kinamwachia aliyeharibika mlango wa kurudia. Mimi nisingependa mlango huo ufungwe, hata kama mwanzoni alikubali masharti.

Wa Ujiji

Mjomba, mbona umeziruka meli?

Kabla hajauona huo upanga, Arthas alishawapoteza mwalimu wake Uther na rafiki yake Jaina kule Stratholme, alipoamuru mji uteketezwe kwa sababu watu wamekula nafaka yenye tauni ya kuwageuza maiti hizo. Wao walikataa, wakaondoka. Akaenda Northrend. Huko ikaja amri ya mfalme kwamba askari warudi nyumbani. Arthas akakodi mamluki wamsaidie kuzichoma meli zake mwenyewe, ili asiwepo wa kurudi. Askari walipofika pwani, akawasingizia wale wale mamluki, akaagiza wauawe. Muradin alikuwa amesimama pale anatazama.

Upanga unakuja baada ya hapo. Mimi hii hatua ya meli ndiyo ninayoiona nzito kuliko ile ya ikulu, na watu wengi wanaipita mbio. Hata yule shujaa wa Diablo ya kwanza mtazame: amemshinda ibilisi, amemaliza kazi, kisha analichomeka lile jiwe kwenye paji la uso wake akidhani atamfungia ndani yake. Peke yake, chini ya ardhi, hakuna hata mmoja wa kumwambia ngoja kwanza.

Kibirizi Usiku

Mimi ni mvuvi. Gemu anacheza mwanangu, mimi napita tu nyuma yake. Ila hizo meli zimenigusa.

Miaka ya nyuma nilikopa nikanunua injini ya boti. Dagaa wakapungua, deni likanikaba, nikaamua kuvuta kokoro, wavu unaozoa hata samaki wachanga. Najua limekatazwa, na nilijua hata siku ile. Nilijiambia ni msimu mmoja, nilipe deni, basi. Vikuhe, vile vitoto vya samaki kuhe, tulivyokuwa tunavitoa mle vilikuwa kama kidole changu cha mwisho.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kuniambia ukweli. Jioni tulikuwa tunakaa wote kwake tunakula. Wiki kama tatu kabla ya kuuchukua ule wavu niliacha kwenda. Nilisema nimechoka, mara nina mgeni. Hatukugombana. Nilikuwa najua tu kwamba nikimtazama usoni atanikataza.

Deni nililimaliza mwezi wa nne. Na kokoro nikaendelea nalo miaka miwili.

Kwa hiyo mama yako amesema kweli, na dada wa Tabora naye amesema kweli, maana kuna siku nilikuwa nauona ule wavu kama ndio unaonivuta mimi. Lakini kwa kijana ningeanzia pale Arthas alipoacha kukaa na watu wake.

Mjomba wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru sana. Ndugu wa Kibirizi, wewe hasa. Nimewasomea mama na kijana kila kitu. Mama aliposikia habari ya kaka yako aliniambia nirudie, nikarudia.

Kijana hakusema neno. Jana jioni amefungua tena hatua ile ya meli. Akawaongoza wale mamluki msituni hadi pwani, meli zikaonekana, akatoa mkono kwenye mausi akauweka mapajani. Saa pale juu inahesabu kurudi nyuma. Nikamwambia muda unakwisha. Akasema anajua.

Ukaisha. Gemu ikamwandikia kwamba ameshindwa. Akaniuliza kama kuna namna ya kuseivu hapo.