Noah D-4 inatetemeka asubuhi: naweza kutoa ukoko wa kaboni kwenye valvu mwenyewe?

Mwalimu_wa_Soni

Wakuu, habari za jioni. Nina Noah ya 2004, AZR60, injini 1AZ-FSE. Nililinunua likiwa na kilomita 118,000, leo linasoma 214,000. Niko Lushoto, na baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua. Asubuhi nikiwasha linatetemeka kama mashine ya kusaga, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Likishapata moto linatulia, lakini nikitoka Mombo kupandisha na abiria sita, kwenye zile kona kabla ya Soni linakosa pumzi na taa ya injini inawaka. Kijana mwenye kifaa cha kupimia alisoma kodi P0300 na P0302, yaani silinda zinakosa kuwaka, na ile ya pili inataja silinda namba 2.

Plagi zote nne mpya, filta ya hewa mpya. Fundi mmoja akaniambia injini imekufa, nitafute nyingine. Nikamwomba anioneshe kilichokufa, akanuna. Basi Jumamosi nikafungua throto (mlango wa hewa wa injini), nikapitisha ile kamera ya waya ya kuchomeka kwenye simu. Nyuma ya valvu za kuingiza hewa nikaona kitu kama ukoko wa wali ulioungulia sufuriani: mweusi, mnene, una oili juu yake.

Nina sanduku la spana, soketi, na wiki tatu za likizo. Inawezekana kuutoa bila kushusha silinda hedi?

kijana_wa_sheli

Mkuu usijichoshe. Nunua dawa ya kusafisha injini ya kumwaga kwenye tanki, jaza mafuta, piga safari ndefu. IST yangu ilipona hivyo hivyo.

Mzee_Spana_Tanga

Kijana wa sheli, kwa IST yako sikatai. Nozeli zake zinapuliza petroli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kila tone linapita juu ya valvu na dawa inafika. Noah ya mwalimu ni D-4. Petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, valvu ya kuingiza hewa hailoweshwi na petroli hata siku moja. Kinachoifikia ni mvuke wa oili unaorudishwa na ule mpira wa kupumulia injini, unatua kwenye chuma cha moto na kukaangika. Hata ukimwaga madebe ya dawa kwenye tanki, pale haifiki.

Mwalimu, inawezekana. Mimi nilifanya kwa Noah kama hilo hilo, uani kwangu, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Ila kabla hujafungua chochote, toa koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya pili weka kwenye ya tatu, na ya tatu ilete kwenye ya pili. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, ugonjwa ni koili, funga boneti ukale. Ikibaki P0302, endelea.

Gari lilale usiku mzima lipoe. Toa betri. Mabomba ya chuma ya petroli usiyalegeze, yale yana mgandamizo mkubwa sana kuliko gari la kawaida. Piga picha kila soketi ya waya kabla hujaichomoa, maana Jumapili hutakumbuka. Manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) ikitoka, hapo hapo ziba matundu yote kwa vitambaa safi. Nati ikidondoka mle ndani, ndipo yule fundi wako atakuwa amesema kweli.

Sasa sikiliza vizuri. Husafishi silinda yoyote mpaka valvu zake ziwe zimefunga. Ikiwa wazi, dawa na takataka zinashuka kwenye pistoni. Toa plagi zote, chomeka kipande cha mpira kwenye tundu la plagi namba 1, ziba ncha kwa kidole, huku mwenzako anazungusha puli ya krenkshafti (ile ya chini mbele ya injini) kwa soketi, kuelekea kulia tu. Upepo ukisukuma kidole, silinda inabana hewa, valvu zimefunga. Mwambie aendelee taratibu mpaka pistoni ifike juu. Ukimaliza ya 1, geuza puli nusu mzunguko uje namba 3, kisha 4, kisha 2.

Nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta ijae nyuma ya valvu, acha saa mbili. Kwanza mwaga kijiko kimoja tu utazame: ikishuka yenyewe upesi, valvu haijafunga, rudi kwenye kidole. Kukwangua nilitumia vijiti vya mishkaki na brashi ya nailoni. Mama watoto aliuliza vijiti vyake vimekwenda wapi, mpaka leo sijamjibu. Uji mweusi nilinyonya kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa, nikafunga kimpira mbele. Kila silinda nilirudia mara tatu au nne. Mara ya kwanza hutaona tofauti, usikate tamaa. Mara ya pili ukoko unaanza kutoka vipande vipande.

Gasketi za manifoldi weka mpya. Na ukimaliza kabisa mwaga oili, maana dawa kidogo lazima ipenye.

gereji_ya_uani

Mzee kamaliza, mimi naongeza makosa niliyoletewa kurekebisha. Mmoja alifunga brashi ya waya kwenye drili. Nywele za chuma zikabaki mle ndani, kuwasha tu zikachora ukuta wa silinda. Mwingine alipuliza dawa ya kusafishia oveni kwa sababu inatoa masizi ya jikoni. Nyingi zina magadi makali yanayokula aluminiamu, na hedi yako ni aluminiamu. Alikuta uso wa kukalia gasketi una vishimo kama ndui.

Na zile dawa hazitaki sigara wala jiko la mkaa karibu. Mlango wa gereji uwe wazi.

Mwalimu_wa_Soni

Asanteni sana wakubwa. Koili nimebadilishana, kodi imebaki P0302. Naingia vitani kesho. Mzee, valvu ya ule mpira wa kupumulia niibadili pia?

Mzee_Spana_Tanga

Itoe uitikise. Ikilia ka-ka-ka bado inacheza, isafishe. Ikinyamaza nunua mpya, bei yake haizidi chakula cha mchana. Ukiiacha imeziba, ukoko utarudi upesi.

Mwalimu_wa_Soni

Mrejesho. Nimetumia siku nne, siyo mbili, kwa sababu mvua ilinikatiza na boltu mbili za nyuma ya manifoldi zilinitoa jasho, mkono haupiti. Silinda ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, ukoko unakaribia unene wa shilingi mia mbili. Niliirudia mara sita. Ile valvu ya kupumulia ilikuwa kimya kabisa, nimeagiza mpya kutoka Tanga.

Kuwasha mara ya kwanza lilitoa moshi mweupe, sailensi ikawa juu, nikahisi moyo unashuka. Nikagundua mpira mmoja mdogo wa hewa sikuurudisha. Nilipouchomeka likatulia. Jana nimepandisha kutoka Mombo na abiria saba na magunia mawili ya viazi, taa haijawaka.

Ila wakuu, imenibaki boltu moja ya spana namba kumi mkononi, na kwenye picha zangu zote sijaiona ilikotoka.

Mzee_Spana_Tanga

Lala chini ya gari utazame kile kipande cha chuma kinachoshikilia manifoldi kwa chini. Mimi yangu ilikaa kwenye sahani ya kikombe miezi miwili.