Tupeane uzoefu: WCW ilikupoteza siku gani?

Mwana Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Juzi kijiweni Ngamiani vijana walikuwa wanabishana kuhusu mieleka, WWE na AEW nani zaidi. Nikataja WCW, wakaniuliza hicho ni chama gani. Nimeona tusikae kimya, sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video. Ilikuwa kampuni ya mieleka ya Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Atlanta. Ilianza kurusha kipindi chake cha Nitro kila Jumatatu mwaka 1995, na kuanzia 1996 ikaishinda WWF, ndiyo WWE ya leo, kwa watazamaji zaidi ya wiki 80 mfululizo. Machi 2001 ikauzwa kwa huyohuyo WWF. Kila mtu aseme kisa kilichomfanya aache kuiamini.

Naanza. Mwaka 1997 karibu wote Sting, stelingi wa WCW, haongei, kajipaka uso, yuko juu darini na rungu lake, anashuka kwa kamba. Hulk Hogan na kundi lake la wababe, nWo, wanatesa watu, yeye anawatazama. Banda zima tunasubiri. Linafika onyesho lao kubwa, Starrcade ya Desemba, Hogan anamwangusha, refa anahesabu tatu. Hadithi ilitaka refa ahesabu harakaharaka, aonekane kahongwa, ili mpiganaji mwingine, Bret Hart, aje kudai haki. Refa akahesabu kama kawaida! Tulichoona sisi ni stelingi kapigwa kihalali, halafu mtu kaja kulalamika, mechi ikaendelea, mkanda wa ubingwa akapewa Sting. Kusubiri kote kule tukaishia kubishana kuhusu refa, kama tuko uwanjani Mkwakwani.

Barabara ya Kumi na Mbili
Nyie mlikuwa na bahati ya kuona kwa mpangilio. Kwetu kanda zilikuja hovyo, nyingine hazina hata maandishi. Goldberg, mbabe wao mwingine, nilimwona akipigwa kabla sijamwona akishinda. Scott Hall kamchoma shoti ya umeme, Kevin Nash akamlalia, basi. Nikadhani ni mtu wa kawaida tu.

Baadaye ikaja kanda ya Julai 1998, Georgia Dome, Goldberg anamnyang'anya Hogan mkanda. Watu wamefurika, kelele haziishi. Na mechi ile waliionyesha bure kwenye Nitro, wakati wangeweza kuwatoza watu pesa ndefu. Ndipo nikaelewa kile nilichoona mwanzo. Mtu wa kiwango hicho, wenyewe wanadai kashinda 173 bila kupoteza, unammaliza kwa shoti ili iweje?

Mama Zuhura
Ili kije kidole, mdogo wangu.

Kwa mjomba Raskazone kulikuwa na dishi. Januari 4, 1999, Nash na Goldberg warudiane. Katikati ya kipindi Goldberg kakamatwa na polisi, kwenye hadithi lakini, na nafasi yake kachukua Hogan. Hogan kamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja. Nash chali! Kahesabiwa tatu, mkanda kwa Hogan, wanakumbatiana, nWo imeungana tena. Kaka zangu walicheka mpaka wakalala chini. Mimi nilinuna. Kwamba mechi zinapangwa tulikuwa tunajua toka wadogo. Ila ukinipangia, nipangie jambo.

Usiku uleule mtangazaji wao alitumwa awaambie watazamaji kwamba kule kwa wapinzani, WWF, Mick Foley anakwenda kuchukua mkanda, akisema kwa kejeli. Wamarekani wakabadili chaneli wakamwangalie Foley. Adui hakuhitaji hata kutangaza.

Nyumba ya Tatu
Mwaka 2000, David Arquette, mwigizaji wa filamu, kapewa mkanda wa dunia. Sina la kuongeza.

Fundi Deki Makorora
Nawapinga kidogo. Hadithi mbovu hata WWF zilikuwepo, tena nyingi. WCW iliuawa na pesa na mikataba. Hogan alikuwa na haki kwenye mkataba kuamua mechi zake ziishe vipi. Sasa mtunzi atatunga nini? Vijana wenye kipaji kama Eddie Guerrero wakachoka wakahamia WWF, Januari 2000. Mwaka huo kampuni ikapata hasara ya dola milioni 60 hivi. AOL na Time Warner zilipoungana, bosi mpya wa televisheni, Jamie Kellner, akaondoa mieleka kwenye chaneli zao. Eric Bischoff, aliyewahi kuwa bosi wa WCW, alikuwa na wenzake wanaotaka kuinunua, wakajitoa, maana kampuni ya mieleka bila chaneli ni ulingo tu na madeni. Vince McMahon, mwenye WWF, akaokota kwa bei ya kutupa.

Nilikuwa nakodisha kanda. Kufikia 2000 WCW hata kwa mkopo hachukui mtu, wote wanataka The Rock na Austin wa WWF. Zile za WCW nikaanza kurekodia harusi juu yake.

Mwana Chumbageni
Fundi! Harusi juu ya Nitro?

Fundi Deki Makorora
Ipo moja inaanza na mpiganaji Ric Flair anapiga "Wooo", ndipo anatokea bibi harusi. Wenyewe hawajawahi kulalamika.

Kijana wa Pongwe
Shikamooni. WCW sikuiona, mimi ni wa TNA, kampuni nyingine ya mieleka, kwenye DVD. Januari 2010 wakaja Hogan na Bischoff. Ulingo wa pembe sita tuliouzoea ukaondolewa, nyota wao AJ Styles akavishwa joho awe kama Flair. Machi wakahamia Jumatatu kushindana na Raw, kipindi cha WWE, Mei wakarudi Alhamisi. Nikaacha kununua.

Barabara ya Kumi na Mbili
Marahaba. Hesabu watu wa WCW waliopita TNA: Hogan, Bischoff, Nash, Hall, na Vince Russo kwenye uandishi. Ulitegemea hadithi mpya itoke wapi?

Kijana wa Pongwe
Lakini TNA haijafa, kaka. Hata jina lake ililoliacha limerudishwa 2024.

Mama Zuhura
Mwenye kanda ya Nitro ya mwisho, Machi 26, 2001, aitazame tena. Sting na Flair, Flair kavaa fulana, umri umekwenda. Hakuna aliyeingilia, hakuna kundi lililovamia. Walipigana, Sting akashinda, wakakumbatiana. Kumbe walikuwa wanaweza.