Doto na mpira wa njuga (kikundi: Ukoo wa Igombe)

Mama Kulwa: Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa. Mwalimu wa Doto kanipigia, anaomba ruhusa aingie timu ya goliboli. Mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni.

Bibi: Marahaba. Goli nini?

Baba Mkubwa (Igoma): Mtoto haoni, mnampeleka akapigwe mpira wa uso? Yuko la tano, akazane na nukta nundu, maandishi yake ya kupapasa. Michezo baadaye.

Shangazi (Misungwi): Kaka, nimefundisha wasioona miaka 11. Ule mpira unabingirishwa chini, una njuga ndani, kilo 1 na robo. Watatu kwa watatu, uwanja mita 18 kwa 9. Wote wanafungwa macho, hata wenye uoni hafifu, asiwepo wa kumwonea mwenzake.

Mjomba (Kirumba): "Kumwonea" 😂 shemeji umetupiga fumbo.

Shangazi: Wala sikuwaza 😂 Kwenye mistari wanapitisha kamba chini ya utepe, mchezaji anapapasa anajua yuko wapi. Ulianza Ulaya 1946, kwa wanajeshi waliopofuka vitani.

Baba Mkubwa: Sawa. Kwenye mtihani utamsaidia nini?

Shangazi: Wengi niliowapokea walikuja wanaburuza miguu, kichwa chini, maana nyumbani walishikwa mkono mpaka chooni. Kilichowanyoosha ni uwanja na kwaya. Mtoto anayeogopa kunyanyua mguu, hata kujibu swali darasani anaogopa. Na huyo Louis Braille aliyebuni nukta nundu zako alikuwa mpiga kinanda kanisani, Paris.

Mama Kulwa: Wifi, hapo kwenye kushikwa mkono umenigusa. Likizo ya Juni alijikwaa kwenye ndoo mara moja tu, basi sikumwachia tena. Aliyemwachia ni Kulwa. Alifunga mpira kwenye nailoni ya godoro ili uchakarike, wakacheza uani.

Mama Kulwa: ni mimi kulwa nimechukua simu. nilijifunga kitenge nikafungwa 6 bila

Baba Mkubwa: Sita??

Mama Kulwa: hiyo siku ya kwanza. ya pili 9

Bibi: 🎤 *"Huyo Doto tangu mdogo anaujua mtumbwi wa babu yake kwa mlio wa injini, sisi bado hatujauona, yeye keshasema babu anakuja. Anafika mwaloni kabla yetu. Mpeni ruhusa, bwana."*

Mama Kulwa: Asante Mama. Kumbe Kulwa kaandika humu 🙈 Mwalimu anasema atahitaji kinga za magoti na viwiko.

Mjomba: Kesho napita Makoroboi, nitaziulizia. Niachieni mimi.

Baba Mkubwa: Mechi ya kwanza mniambie, nije nimshangilie.

Shangazi: Mpira ukichezwa watazamaji kimya kabisa, wasikie njuga. Kelele ni baada ya goli kuingia.

Mjomba: Shemeji na kimya wapi na wapi? Siku ya Simba na Yanga alisikika mpaka Kamanga 😂😂

Baba Mkubwa: Nitaazima hicho kitenge cha Kulwa. Najifunga mdomo.